Vijembe vya Roketi na Kompyuta: Uzoefu wa Msimamizi wa Kundi la Watani

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mmoja wa wasimamizi wa kundi la mazungumzo mtandaoni linalowakusanya wapenzi wa kompyuta na safari za anga za juu, ambamo lugha ya kawaida ni kejeli. Wanachama hawajuani kwa sura. Baadhi ni waandishi wa programu waliobobea, wengine ni wanafunzi, na wengine walivutiwa tu na picha za Mirihi wakabaki. Nilipopewa kazi hiyo niliambiwa kwamba ingekuwa ya kufuta matangazo ya biashara na kuwaonya wachache wenye matusi. Kumbe matusi ndiyo sehemu nyepesi, kwa sababu yakionekana yanajulikana. Kinachomchosha msimamizi ni sentensi yenye adabu kamili, iliyopangwa vizuri, ambayo mtu mmoja anaisoma akacheka na mwingine anaisoma akaamini. Naandika haya kwa ajili ya wale wanaoanza kusimamia makundi ya namna hii, na pia kwa ajili ya wageni wanaoingia humo wakaduwaa.

Mgeni hudhani ameingia katika nyumba ya watu wenye uchungu. Roketi ikilipuka, watu hutoa pongezi. Programu ikisasishwa, mtu huandika kwamba matatizo ni yale yale ila sasa yamepakwa rangi mpya. Kampuni ikitangaza kwamba itawapeleka watu Mirihi baada ya miaka michache, mtu huuliza kama nauli hurudishwa safari ikiahirishwa. Baada ya kukaa humo ndipo nilipotambua kwamba sehemu kubwa ya kejeli hii haikubuniwa na watazamaji, bali imetoka kwa mafundi wenyewe. Wahandisi wa roketi wana msemo wao wa siku nyingi wa kuuita mlipuko "kutengana kwa ghafla kusikopangwa", na SpaceX, kampuni ya Marekani ya kurusha roketi, waliutumia hadharani pale roketi yao Starship iliposambaratika dakika chache baada ya kurushwa tarehe 20 Aprili 2023. Kampuni hiyo hiyo, mwaka 2017, ilitoa video iliyounganisha ajali zake za kutua, moja baada ya nyingine, huku muziki wa gwaride ukipigwa kwa furaha. Tofauti iliyopo ni kwamba fundi anayejicheka huwa amekwisha kupitia data za ajali yake, ilhali mtazamaji anayemcheka mara nyingi amesoma kichwa cha habari tu. Karibu kila mgogoro niliolazimika kuutatua ulianzia katika pengo hilo.

Mgogoro wa kwanza mkubwa ulihusu kalamu. Mwanachama mmoja, mtu mwenye akili na ulimi mkali, aliandika kwa uso mkavu kabisa kwamba Marekani ilitumia mamilioni ya dola kubuni kalamu inayoandika mahali pasipo na mvutano, wakati Wasovieti walitumia penseli. Alikuwa akiwakejeli watu wanaoirudia hadithi hiyo kila mara, na wazee wa kundi walimwelewa, wakaongeza ya kwao: mmoja akasema kwamba Wasovieti waliokoa zaidi kwa kutoandika kabisa. Kijana mmoja wa sekondari aliyekuwa akitusoma kimyakimya aliichukua habari hiyo na kuiweka katika wasilisho lake darasani. Mwalimu wake aliujua ukweli, akamsahihisha mbele ya wenzake. Kijana akarudi kutuuliza kwa nini tulimdanganya. Majibu aliyopewa yalikuwa vijembe zaidi, naye akaondoka, na hakurudi tena.

Ukweli wenyewe ni mtamu kuliko mzaha ule, na ndilo jambo lililoniudhi zaidi. Wanaanga wa Marekani nao walitumia penseli, na mwaka 1965 NASA, shirika la anga la Marekani, ilijikuta ikilaumiwa kwa kununua penseli 34 kwa bei ya dola 128.89 kila moja. Penseli zina hatari zake katika chombo cha anga: ncha ikivunjika huelea, unga wake hupitisha umeme, na mbao huwaka, jambo ambalo halikuwa la kupuuzwa baada ya moto uliowaua wanaanga watatu wa Apollo 1, chombo cha mpango wa Marekani wa kwenda Mwezini, mnamo Januari 1967. Kalamu ile ilibuniwa na Paul Fisher kwa fedha za kampuni yake mwenyewe, ikafanyiwa majaribio, ikaanza kusafiri na Apollo 7 mwaka 1968, na mwaka 1969 Wasovieti nao wakainunua. Nilipomuuliza yule mwanachama kwa nini hakumwambia kijana hata nusu ya haya, alijibu: "Ndugu msimamizi, kila mtu anajua kwamba hadithi ile ni ya uongo." Nimelisikia jibu hilo mara nyingi tangu wakati huo, na nakushauri ulizoee, maana utalisikia pia. Anayesema "kila mtu" huwa anawahesabu marafiki zake.

Katika kutafuta dawa niligundua kwamba tatizo letu lina umri mkubwa kuliko wanachama wengi. Mwezi Septemba 1982, katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, watu waliokuwa wakiandikiana kwa kompyuta walijadili fumbo la fizikia: lifti ikianguka bila kuzuiwa, mshumaa unaowaka na tone la zebaki vilivyomo ndani yake vitakuwaje? Mtani mmoja akatoa onyo kwamba kutokana na jaribio la fizikia lililofanywa karibuni, lifti mojawapo ya jengo ilikuwa imechafuliwa na zebaki na kuungua kidogo. Wapo waliolichukulia onyo hilo kuwa la kweli. Tarehe 19 ya mwezi huo, Scott Fahlman akapendekeza kwamba kila mzaha uwekewe alama ya nukta mbili, kistari na mabano, yaani uso unaotabasamu ukiutazama kwa kulaza kichwa. Uso ule ulizaliwa, basi, kwa sababu watu wa kompyuta walishindwa kutofautisha utani wa fizikia na taarifa ya usalama, na zaidi ya miaka arobaini baadaye sisi tulikuwa bado tunashindwa.

Tuliijaribu dawa hiyo. Tuliweka kanuni kwamba kila kejeli iwe na alama mwishoni. Wale waliokuwa na vipaji walilalamika kwamba kijembe chenye maelezo kimekwisha makali, na kwa kweli walikuwa na haki. Lakini udhaifu mkubwa zaidi ulijitokeza upande wa pili: wenye chuki waliigeuza alama kuwa ngao. Mtu alikuwa akimwita mwenzake mjinga asiyestahili kugusa kompyuta, kisha anaweka alama, na ukimwonya anakuuliza kama huoni kwamba ni mzaha. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na kwetu usaha ulitumbuka hasa katika kipindi tulichokuwa na alama nyingi kuliko wakati wowote. Hatimaye tuliiondoa kanuni ile, tukabakiza sehemu moja tu, ambayo mpaka leo haina mjadala.

Sehemu hiyo inahusu mzaha unaoweza kutekelezwa. Katika kompyuta zinazoendeshwa kwa kuandika amri, ipo amri fupi ya kufuta mafaili, na ukiiongezea vipengele viwili vitatu inafuta kila kilichomo bila kuuliza. Utani wa kumwambia mgeni kwamba amri hiyo ndiyo tiba ya kompyuta yake nzito ni wa zamani sana katika fani hii. Watengenezaji wa mifumo mingi waliweka kinga inayokataa kufuta mzizi wa mfumo wote, yaani mahali mafaili yote ya kompyuta yanapoanzia, lakini kinga hiyo haimlindi mtu aliyeelekezwa kufuta kabrasha lake mwenyewe. Dada mmoja aliyejiunga na kundi akiwa katikati ya kuandika tasnifu aliuliza kwa nini kompyuta yake imekuwa nzito. Mtani akampa amri, wengine watatu wakaunga mkono wakijifanya wameshaitumia, na dada yule akaitekeleza. Sikulala vizuri usiku ule. Mtu huyo hakuwa na nakala ya kazi yake mahali pengine, na waliomdanganya walijitetea kwamba mtu asiyeielewa amri hapaswi kuiandika. Asiyejua maana haambiwi maana, waliniambia. Niliwajibu kwamba yeye aliuliza, na kuuliza ndiyo njia ya kujua maana.

Waliohusika tuliwaondoa wote, akiwemo mmoja aliyekuwa mjuzi kuliko sote, na kundi likapoteza maarifa yake. Hiyo ni gharama ya kweli na sitaki kuipunguza. Maswali fulani kuhusu mifumo ya zamani yalikaa bila majibu kwa muda mrefu baada yake. Hata hivyo, ukiwa msimamizi, utani wa aina hii usiupime kwa ucheshi wake. Amri, kipimo cha dawa au cha umeme, hatua za kuondoa ulinzi wa kifaa, vyote hivyo viwe nje ya utani kabisa. Nawe mgeni, usiandike amri usiyoweza kuieleza kwa maneno yako mwenyewe, na kazi yako iwe na nakala mahali ambapo amri hiyo haifiki.

Nisije nikaonekana adui wa kejeli, niseme pia kwamba baadhi ya kazi nzuri kabisa za fani hii ni mizaha. Tarehe 1 Aprili 1990 David Waitzman alichapisha hati iitwayo RFC 1149, inayoeleza namna ya kusafirisha data za intaneti kwa kutumia njiwa. Hati hiyo imeandikwa kwa mtindo ule ule wa hati halisi za viwango vya intaneti: inataja ucheleweshaji mkubwa, kasi ndogo ya upitishaji, na jinsi ujumbe unavyochapwa kwenye karatasi na kufungwa mguuni mwa ndege. Mwaka 2001 kikundi cha wapenzi wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, huko Bergen, Norway, kiliutekeleza mpango huo kwa njiwa halisi. Vifurushi tisa vya data vilitumwa, majibu manne yakarudi, na jibu la haraka kabisa lilichukua zaidi ya dakika hamsini. Kinachonifurahisha katika utani huo ni kwamba hakuna anayeumizwa nao isipokuwa urasimu wa kuandika viwango, na pia mtu hawezi kuucheka vizuri mpaka aelewe kwamba intaneti yenyewe ilibuniwa ikitarajia vifurushi kupotea njiani. Nimewaona wanafunzi wakijifunza habari ya upotevu wa vifurushi kutokana na njiwa wale, wakaielewa kwa wepesi ambao vitabu vyao havikuwapa.

Kejeli inayozeeka vibaya ni ile inayodai kwamba jambo haliwezekani. Humo kundini tuna mfano tunaoutumia kumtuliza kila anayeanza kuwadhihaki wahandisi kwa kujiamini kupita kiasi. Tarehe 13 Januari 1920 gazeti la New York Times lilimdhihaki Robert Goddard, mtafiti wa roketi, kwa kudhani kwamba roketi inaweza kufanya kazi mahali pasipo na hewa. Mhariri alidai kwamba Goddard alikosa maarifa yanayofundishwa kila siku katika shule za sekondari. Aliyekosa maarifa ni mhariri, kwa kuwa roketi haisukumi hewa; inasukumwa na gesi ambayo roketi yenyewe huitupa nyuma. Gazeti lilichapisha masahihisho tarehe 17 Julai 1969, siku moja baada ya Apollo 11 kurushwa kuelekea Mwezini. Goddard alikuwa amefariki mwaka 1945.

Pamoja na kuijua hadithi hiyo, kundi letu lilirudia jambo lile lile Voyager 1, chombo cha NASA kilicho mbali kabisa angani, ilipoanza kutuma data zisizosomeka mnamo Novemba 2023. Chombo hicho kilirushwa mwaka 1977, na vijembe vilikuwa vingi: babu ameanza kupayuka, babu amesahau nywila, mpelekeeni fundi nyumbani. Baadhi vilikuwa vizuri, navyo niliviacha. Kisha mazungumzo yakageuka kuwa dhihaka dhidi ya wahandisi, kwamba wanapoteza fedha kukibembeleza kifaa kilichokufa. Wahandisi hao walikuwa wakifanya kazi na chombo kilicho umbali wa zaidi ya kilomita bilioni 24, ambako amri huchukua saa 22 na nusu kufika, na jibu lake saa kama hizo kurudi. Waligundua kwamba chipu moja iliyohifadhi sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta ya data ilikuwa imeharibika. Kwa kuwa hapakuwa na nafasi moja ya kutosha kuupokea msimbo, yaani maagizo ya programu, uliokuwa humo, waliukata vipande, wakavitawanya katika nafasi ndogo zilizobaki, na kurekebisha kila rejeleo ili vipande vile viendelee kufanya kazi kama kitu kimoja. Aprili 2024 chombo kikaanza tena kutuma taarifa zinazosomeka kuhusu hali yake. Kundi lilikaa kimya siku nzima, kimya ambacho kwetu ni nadra. Baadaye mmoja wa waliokuwa wakali aliandika kwamba yeye hushindwa kurekebisha mashine ya kuchapa iliyo mezani kwake, hata akiishika kwa mikono miwili.

Kutokana na hayo nilianzisha desturi ambayo nadhani ndiyo iliyoliokoa kundi kuliko kanuni yoyote: anayetaka kuidhihaki ajali, kwanza asome ripoti ya uchunguzi wake, kisha adhihaki atakavyo. Chukua Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA cha kuchunguza Mirihi kilichopotea Septemba 1999. Kijembe cha kawaida ni kwamba wanasayansi hawakujua kubadili vipimo, kwa sababu programu moja ya ardhini ilitoa matokeo kwa vipimo vya Kiingereza wakati nyingine iliyatarajia kwa vipimo vya metriki. Ukiisoma ripoti unakuta jambo zito zaidi: waongozaji wa chombo walikuwa wameona dalili kwamba njia yake haiendi sawa, lakini wasiwasi wao haukufikishwa wala kufuatiliwa kwa utaratibu rasmi. Hapo kijembe kinahama kutoka kwa mtu asiyejua hesabu kwenda kwa ofisi isiyosikiliza, na huko ndiko kinakostahili kukaa. Ni vivyo hivyo kwa Ariane 5, roketi ya Ulaya iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996, sekunde zipatazo 40 baada ya injini kuwaka. Watu hucheka kwamba namba kubwa ilishindwa kuingia katika nafasi ya biti 16, yaani nafasi ya tarakimu 16 tu za sifuri na moja. Kichekesho halisi ni kwamba sehemu ile ya programu ilirithiwa kutoka Ariane 4 na haikuwa na kazi yoyote baada ya roketi mpya kuruka. Iliachwa tu ikiendelea kuhesabu. Baada ya desturi hiyo vijembe vilipungua idadi, na vilivyobaki vilikuwa vikali kwelikweli.

Siku hizi nimeongeza onyo jingine kwa wanachama. Utani ulioandikwa hausomwi na watu peke yao. Mwezi Mei 2024 majibu ya akili mnemba katika utafutaji wa Google yalimshauri mtu kuchanganya gundi katika mchuzi wa piza ili jibini isidondoke, na chanzo kikaonekana kuwa mzaha ulioandikwa mtandaoni zaidi ya muongo mmoja nyuma. Mashine haikuona jicho lililokonyezwa. Kwa hiyo sasa, chini ya hadithi kama ile ya kalamu, mwanachama mwingine huandika ukweli kwa sentensi mbili kamili, bila kumharibia mtani raha yake. Kazi hiyo tunaifanya kwa zamu, na wengi wameipenda kuliko walivyotarajia.

Tukio ambalo bado hunifikirisha ni la Mzee mmoja, mwandishi wa programu aliyestaafu, ambaye huzungumza kwa nadra. Vijana walikuwa wakicheka hofu ya mwaka 2000: dunia nzima ilitishika kwamba kompyuta zilizohifadhi mwaka kwa tarakimu mbili zingedhani ni 1900, halafu usiku ukapita bila janga. Mmoja akaandika kwamba kundi zima la watu lililipwa ili kukesha bure. Mzee akajibu: "Mwanangu, ukiona daraja halijaanguka, usiwacheke waliokaza bolti zake." Kisha akaeleza, kwa aya ndefu zisizo na hasira, jinsi alivyopitia programu za malipo mstari kwa mstari, akitafuta tarehe zilizofichwa katika majina ya mafaili, katika namba za risiti, na katika mahesabu ya umri wa watu waliozaliwa kabla ya karne kuanza. Hakuna aliyemkatiza. Kijana yule aliomba radhi, akimwita Mzee kwa mara ya kwanza badala ya kumwita kwa jina lake la mtandaoni.

Nilidhani mjadala ungeishia hapo, katika hali ya heshima na unyenyekevu mwingi kupita kiasi. Mwingine akauliza kuhusu tatizo lijalo, lile la mifumo inayohesabu sekunde tangu mwanzo wa mwaka 1970 kwa namba ya biti 32, ambayo nafasi yake itajaa tarehe 19 Januari 2038 saa 03:14:07 kwa saa za kimataifa, na sekunde inayofuata mfumo usiorekebishwa utadhani ni tarehe 13 Desemba 1901. Je, Mzee atasaidia tena? Mzee akaandika kwamba amekwisha kustaafu, na kwamba usiku huo atakuwa amelala. Wakimhitaji kwa dharura, wasimtafute yeye. Kwa tarehe zitakazoonyeshwa na kompyuta zao, babu yake ndiye atakayekuwa na umri wa kufanya kazi.